Pampu Isiyogonga

Pampu niliichagua mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wako watu hapa Mbakajuu ambao hadi leo wakilitaja jambo hili hubinya midomo, na mimi sina haya nalo. Katika maabara yetu hakuna anayezijua pampu kunizidi, na anayebisha aje tukae mezani.

Zililetwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya meno, gia mbili zinazosagana na kusukuma kimiminika mbele. Inafaa sana kwa mafuta ya kupikia. Ukiilazimisha isukume kwa nguvu tunayoitaka sisi, kimiminika kinateleza kurudi nyuma katikati ya meno, na haupiti muda meno yenyewe yamelika. Hiyo niliirudisha kwenye kreti bila hata kuiwasha.

Ya pili ilikuwa ya pistoni tatu, ngumu, haichoki, na inapiga mateke. Kila pistoni ikisukuma mgandamizo unapanda, ikirudi nyuma unashuka, kwa hiyo mshale wa geji hautulii. Gwamaka, fundi wangu, aliipa jina la Mbuzi siku ileile, akaikokota stoo.

Ya tatu ilikuwa pampu ya sindano, na kama umewahi kudungwa hospitalini basi umeshaielewa. Ni silinda ndefu yenye pistoni moja, na skrubu inaisukuma pistoni hiyo polepole. Ziko mbili, pacha. Moja ikikaribia kwisha, mwenzake anapokea, na kimiminika hakijui kwamba kimebadilishiwa mkono. Niliiwasha, nikautazama mshale wa geji, ukapanda hadi nilipoutaka ukasimama hapo. Nilicheka mwenyewe. Nikamwambia Gwamaka tumeshapata.

Uzuri ni kwamba pampu yenyewe haipaswi kuguswa na moto. Mpira wa sili, ule unaozuia kuvuja, hauwezi kuvumilia nyuzi mia nne, unageuka lami. Kwa hiyo pampu inakaa upande wa baridi na kusukuma maji ya kawaida tu. Maji hayo yanasukuma kizibo ndani ya silinda nene ya chuma, na upande wa pili wa kizibo ndipo kinapokaa kile unachokipima. Hicho ndicho kinachoingia kwenye tanuri na kupita katika mrija mwembamba uliokunjwakunjwa. Geji moja iko mwanzo wa mrija, nyingine mwisho. Kimiminika kikianza kuwa kizito, geji hizo mbili zinaachana. Zikienda sambamba, uko salama.

Na tulichokuwa tunakipima hakikuwa maji. Kilikuwa utomvu wa Dakta Hoza Shemboko.

*

Tangu msitu wa mlima ulipowekwa chini ya ulinzi na kuni kupigwa marufuku, zamani kabla sijazaliwa, hakuna nyumba Mbakajuu inayowasha moto. Joto huja kwa bomba. Maji yanashushwa kilometa tano hadi kwenye mwamba uliopata moto wa volkano, yanapanda, yanauzunguka mji, yanapita chini ya sakafu na nyuma ya kuta, kisha yanarudi tena chini. Tulikuwa mji wa kwanza kuishi hivyo na tulijivuna. Lakini maji ya mlimani yana chumvi na yana uchungu, yanakula chuma. Mabomba yetu yalikuwa yamejaa nyufa ndogondogo, na kila mwaka joto lilifika pafupi zaidi kuliko mwaka uliopita. Mtaa wa mwisho kule juu, tunaouita Nchani, ulikuwa haupati kitu.

Mama yangu anakaa Nchani. Msimu wa baridi uliopita jirani yake, Mzee Mwaisumo, alizikwa na koti alilokuwa amelivaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua. Mama naye alitoka kwenye msimu huo na kifua ambacho hakijapona. Nilimwahidi kwamba kabla ya Juni ukuta wake utakuwa na joto.

Dakta Shemboko alitoka Lushoto na mkebe wa kimiminika cha rangi ya asali. Utomvu wake unabeba joto kuliko maji, lakini hiyo si ajabu yake. Ajabu yake ni kwamba unatibu. Ukikuta ufa unaganda papo hapo, unauziba, kisha unaendelea na safari. Mji mzima ungejiponya kwa wiki chache bila kuchimbua hata barabara moja.

Alisimama nyuma yangu muda wote wa jaribio, mikono mgongoni, anapumua kwenye sikio langu. Nyuzi mia nne. Mgandamizo mara mia tatu ya hewa tunayovuta. Pampu ya sindano ikasukuma, na kwenye kioo mistari ya geji mbili ikaenda sambamba asubuhi, mchana, na siku zilizofuata, bila kutikisika.

"Mhandisi," alisema mwishowe, "mstari wako nitauweka fremu."

"Wangu nitauweka mimi mwenyewe," nikamjibu. "Wewe weka utomvu."

Na kweli niliuchapisha nikaubandika ukutani, juu ya meza yangu. Mwenyekiti wa mji, Bi Atupokile Mwandemele, alikuja kuutazama, akatoka akatangaza kwa vipaza sauti. Ilibaki sahihi yangu tu.

*

Kwetu kutia sahihi si kazi ya kalamu peke yake. Bomba la kwanza kabisa lilipopasuka, aliyelipitisha alikuwa amelala hotelini, mji mwingine. Tangu hapo watu wakasema basi. Kitu chochote kipya kikiingia bombani, aliyekitengeneza na aliyekipitisha wanalala Nyumba ya Kwanza, ubavuni mwa pampu kubwa ya mji, hadi kitu hicho kimalize kuuzunguka mji. Mkikosea, mtakuwa wa kwanza kujua.

Dakta alihamia humo mapema, mimi nilikuwa nimfuate siku ya sahihi. Siku moja kabla, nilimpelekea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Nilimkuta mezani, macho mekundu, shati limefungwa vifungo upande.

"Ndaga," alisema. Kinyakyusa chake chote kilikuwa neno hilo la kushukuru.

"Umelalaje, Dakta?"

"Nani anaweza kulala humu?"

"Kitanda kibaya?"

"Kitanda hakina neno. Ni hiyo kelele."

"Kelele gani?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kucheka. "Mhandisi, usinitanie asubuhi hii."

"Sikutanii. Kelele gani?"

Aliinua kidole akakishusha. Akakiinua tena akakishusha. Nilitega sikio. Nilisikia birika la umeme likitokota, nikasikia Gwamaka nje akipiga soga na mlinzi. Dakta aliendelea kupandisha na kushusha kile kidole, na mwisho, kwa kukifuata, nikasikia.

Du. Du. Du.

Kilikuwa Kinu. Ndivyo tunavyoiita pampu kubwa ya mji, pistoni tatu, kila moja ndefu kunizidi. Nimezaliwa kikigonga. Wanawake wa mjini wanakanda unga kwa mwendo wake bila kujua, watoto wanasinzia nao mgongoni, shuleni tulisoma jedwali la kuzidisha tukiufuata. Kwa jinsi tulivyokizoea, ungemuuliza mtu yeyote wa Mbakajuu kama mji una kelele, angeapa kwamba hauna.

"Mwezi wa kwanza nilikupigia simu," Dakta alisema polepole. "Nilikuuliza kama mabomba yenu yanagonga. Ukaniambia hayagongi."

"Hayagongi," nikasema. Kinywa kilijibu chenyewe, na kijiko kilichokuwa kwenye sahani yangu kikatetemeka.

Tulitazamana, na sote wawili tulielewa kwa pamoja, kwa sababu hatukuwa wajinga. Utomvu unatambuaje ufa? Hauna macho. Unahisi mgandamizo umeshuka ghafla, basi unajua hapa pana tundu, unaganda. Na kila Kinu kinapopiga, mgandamizo unapanda na kushuka katika kila bomba la mji. Nilikuwa nimechagua pampu tulivu kuliko zote duniani, nikaupima utomvu kwa ajili ya mji ambao haukuwepo.

*

Dakta aliinuka akafunga mlango. Simtupii lawama kwa aliyoyasema, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka na aliyeipenda kazi yake.

"Jaribio limefaulu," alisema. "Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Utaratibu wenu unasema kimiminika kijaribiwe kwenye joto na mgandamizo wa kule chini mwambani. Hausemi kwa pampu gani. Hujamdanganya mtu."

"Bado."

"Sikiliza. Hatujui kama utaganda. Labda kugonga kwenyewe ni kudogo mno. Labda utaganda kidogokidogo, miaka mitano, kumi. Ndani ya miaka hiyo watu wa Nchani watakuwa na joto. Usipotia sahihi hawana kitu mwaka huu, na hilo tunalijua kwa hakika. Unalinganisha hofu na maiti, Mhandisi."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama. Nilipokea kwa sababu asubuhi sina desturi ya kumnyima.

"Tuse, mwanangu, nimesikia kipaza sauti. Ni kesho?"

"Walisema kesho, mama."

"Nimelifua koti la baba yako. Nilitaka nijue kama nilianike au niendelee kulivaa likiwa bichi." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Nilisubiri kiishe.

"Lianike," nikamwambia. "Lakini usiliweke mbali."

Nilipokata simu Dakta alikuwa ametazama dirishani. Nilimchukia kidogo, na nilimchukia kwa sababu alikuwa ameyatamka yaliyokuwa tayari kichwani mwangu. Ningeweza kutia sahihi. Hakuna ambaye angejua, na siku mabomba yakiziba watu wangesema ni uzee wa mabomba. Mama angekuwa na ukuta wa moto. Niliiona hata picha yake, amekaa ameuegemea. Nikikuambia sikuitamani nitakuwa nakudanganya.

Lakini nimefanya kazi hii muda mrefu, na kuna jambo moja sijawahi kuliweza, nalo ni kuliacha swali ambalo jibu lake liko stoo.

"Gwamaka," nikaita dirishani. "Kamtoe Mbuzi."

*

Kumfunga Mbuzi pale ilipokuwa sindano kulituchukua siku nzima, sili mpya, vali mpya ya mwisho ya kushikilia mgandamizo. Kazi ngumu ilikuwa kumfundisha mwendo wa Kinu. Nilimwamuru Gwamaka aweke kiganja kwenye bomba la ukutani na kuniambia nipandishe au nishushe kasi. Naye ni mzaliwa wa hapa. Alisimama pale, amefumba macho, anakunja uso.

"Dada, sihisi kitu. Nahisi moyo wangu tu."

"Uko kifuani au kiganjani?"

Alifumbua macho. "Kiganjani."

"Basi huo si moyo wako. Haya, nihesabie."

Tulipouwasha moto, Dakta hakusimama nyuma yangu. Alikaa kwenye stuli mlangoni. Nyuzi mia nne. Mgandamizo uleule. Mbuzi akaanza, du, du, du, na mistari ya kioo ikawa na meno kama msumeno. Ilienda sambamba hivyo muda wa kutosha kwa Dakta kuanza kutabasamu. Kisha geji ya mwanzo ikapanda kidogo ikakaa. Ikapanda tena. Ilikuwa inapanda ngazi, na geji ya mwisho haikuifuata. Kabla ya chakula cha mchana vali ya usalama ilifunguka yenyewe kwa mlio mkubwa, na Gwamaka akazima kila kitu.

Mrija ulipopoa tuliukata kwa msumeno, tukaupasua kwa urefu wake. Ndani zilikuwa zimejipanga punje za rangi ya asali, ngumu, zinang'aa, kila moja imeziba njia kabisa. Zilionekana kama shanga. Dakta aliichukua moja akaiweka kiganjani.

"Umefanya kazi yake," alisema. "Umeziba kila tundu uliloambiwa lipo."

Nilimwonea huruma. Lakini sikuwa na muda wa kumbembeleza, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi. Tulifunga chupa ya chuma kwenye mdomo wa Mbuzi, nusu yake gesi ya naitrojeni. Mbuzi akipiga teke, gesi inabonyea na kulimeza teke lile. Akipumua, gesi inarudisha ilichopokea. Tukaweka mrija mpya. Mistari ikanyooka, utomvu ukapita. Tukapunguza gesi kidogo ili kugonga kurudi kiasi, ukapita. Tukapunguza tena. Unavumilia kidogo, nikaona, kama kidole kikigonga meza. Zaidi ya hapo unaganda.

Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni chupa. Ya Mbuzi niliishika kwa mkono mmoja. Ya Kinu ingekuwa kubwa kama chumba, ifuliwe kwenye kiwanda cha mbali, iletwe kwa barabara zetu za milimani. Gwamaka alipiga simu huku na huko, na jibu la mapema kuliko yote lilikuwa Septemba. Baridi yetu inauma Juni na Julai.

*

"Watu wameshafua mablanketi wameyaweka sandukuni," alisema Bi Atupokile. Mwenyekiti wetu ni mwanamke mnene, mpole, ambaye upole wake unatisha kuliko hasira za wengine. "Nimeshawatangazia. Wewe mwenyewe ulisema limefaulu."

"Lilifaulu, mama. Kwa mji usiogonga."

"Na sisi tunagonga?"

"Tega sikio."

Alitega. Dakta, aliyekaa pembeni yangu, akaanza kupandisha na kushusha kidole chake kama alivyonifanyia mimi. Ilichukua muda. Kisha nikaona macho ya mwenyekiti yakitulia mahali pamoja, na mkono wake ukaacha kucheza na shanga za shingoni.

"Nimekaa ofisi hii miaka yote," alisema.

"Nami maabara."

"Haya. Tuseme unaganda. Mtauyeyusha."

"Hauyeyuki," Dakta akajibu. "Nimeutengeneza usiyeyuke."

"Tutachimbua mabomba yote," nikasema. "Ya chini na ya juu. Mji mzima utakaa kama Nchani, na kwa miaka."

"Kuna uwezekano gani?"

Nilitoa mfukoni punje moja ya mrija ule nikaiweka mbele yake. "Si uwezekano, mama mwenyekiti. Ndiyo hii. Mimi sitii sahihi, na akiletwa mhandisi mwingine atie, nitasimama sokoni na mrija wangu uliopasuliwa nimwonyeshe kila anayenunua ndizi."

Hakukasirika. Aliigeuzageuza punje kwa ukucha. "Tufunge vali za nyumba za chini basi, joto liende juu."

"Tulishajaribu. Linavujia njiani."

"Kwa hiyo Nchani?"

Kinu kiliendelea kugonga, na sasa sikuweza tena kukisahau.

"Anayetia sahihi tunajua analala wapi," alisema Bi Atupokile. "Anayekataa je? Analala wapi, Tusekile? Kwake, hapa chini, kwenye ukuta wa moto?"

Lilikuwa swali la haki, na liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki.

"Nchani," nikajibu. "Hadi chupa ifike."

"Msimu wote."

"Msimu wote."

Dakta Shemboko alikohoa. "Si mlisema aliyekitengeneza hulala pamoja na aliyekipitisha?" aliuliza. "Nadhani hata kikikataliwa ni vilevile. Niazimeni koti."

*

Mama alimpokea Dakta kwa kumtazama kuanzia viatu hadi kofia. Akasema mtu wa Lushoto anajua baridi, lakini hii yetu itamfundisha upya. Akamvalisha koti la baba, kavu, na mimi akanipa mablanketi mawili na nafasi kitandani pake. Nilimweleza yote kabla hatujalala, kwamba ni mimi niliyemnyima ukuta wa moto. Akauliza kama nimekula.

Asubuhi Dakta alitoka chumba cha uani amenyooka, uso umejaa, kama kijana aliyetoka likizo. Pumzi yake ilionekana hewani.

"Nimelala fofofo," alisema. "Tangu nije mji wenu sijapata usingizi kama huu."

Mimi sikuwa nimefumba jicho. Nilikuwa nimegeuka upande huu na upande ule, nikidhani ni baridi, nikidhani ni mawazo. Siku zote mimi huja kwa mama mchana na kuondoka jioni kurudi kwangu chini, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Tangu nihame kwake sikuwa nimelala nyumba ile hata mara moja.

"Hukulala," mama alisema huku akimimina chai.

"Sijui nini, mama. Palikuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu. Ndicho kilichokunyima usingizi." Alielekeza kidevu ukutani, kwenye bomba. "Zamani Kinu kilifika hadi humu, wewe ulilala nacho. Kilitangulia kuondoka chenyewe. Kikawa kidogo, kidogo, hadi kikanyamaza. Joto likafuata baadaye. Huku juu kila mtu anajua hivyo. Bomba likinyamaza, tunatafuta koti."

Niliinuka nikaweka kiganja juu ya bomba lile. Lilikuwa baridi na halikusema lolote. Nikaukumbuka mstari wangu niliokuwa nimeubandika juu ya meza, ule ulionyooka ambao nilijipigia kifua kwa ajili yake. Ulikuwa picha ya bomba hili. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Mama aliniacha nilie hadi nilipomaliza. Kisha akasema, "Sasa hiyo chupa yenu ikija, joto litafika huku?"

"Litafika."

"Na Kinu?"

"Kugonga kwake kutamezwa, mama. Tukiuacha mdundo, utomvu utaganda."

"Mtaumeza mdundo wote?"

Nilitaka kusema ndiyo, wote, maana mhandisi yeyote akiweza kuondoa kitu chote hakiachi nusu. Dakta ndiye aliyejibu. "Kidogo unaweza kubaki," alisema. "Hauna madhara."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kidole kikigonga meza."

Mama aliweka kikombe chini. Akagonga meza kwa kidole chake kilichopinda, taratibu, akasikiliza, akagonga tena. Alirudia mara kadhaa, ameinamisha kichwa, na nilitambua kwamba alikuwa ameupatia mwendo wenyewe bila kukosea, baada ya miaka yote ile ya kimya.

"Huu unanitosha," alisema. "Nikiusikia usiku nitajua huko chini hamjatusahau."

Basi hesabu tulizianza upya palepale, juu ya meza ya mama, tukiwa na makoti. Nilimwambia Dakta apunguze, kwenye hesabu zile, gesi ya chupa hadi ibaki nafasi ya kidole kile. Alinung'unika kwamba akirudi Nyumba ya Kwanza hatapata usingizi tena. Mama akamwongezea chai, akamwambia atazoea, na mimi nikamwomba asizoee.